Mwaka wa Vitabu Viwili Mezani

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumamosi, Deo aliweka kitabu kipya juu ya meza ya Mama Tekla, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Toleo la pili." Hadi dakika hiyo tulikuwa watu wanne wenye kitabu kimoja na ugomvi wa maneno tu. Kuanzia hapo tulikuwa na vitabu viwili, na kabla mwaka haujaisha Maganga alikuwa amezikwa Kwala, Zuberi alikuwa na mkono uliofungwa plasta, na Deo alikuwa na kovu juu ya jicho ambalo analo mpaka leo. Mimi nilipoteza jino moja la pembeni. Nataja majeraha kwanza kwa sababu watu wanaosikia kwamba vijana walipigana kwa ajili ya mchezo wa mezani huanza kwa kucheka, na napenda wakicheka wawe wanajua wanachekea nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka pale Kwa Mathias, Kibaha, mkabala na kituo cha mabasi ya barabara ya Morogoro. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimeyasoma mwenyewe, kwa kamusi na kwa kurudia. Siku hizi najalidi vitabu. Sikuwa na mpango wa kuuandika mwaka huo, lakini mwezi uliopita Deo alinipigia simu kuniambia Zuberi amefariki kwa ugonjwa wa figo, nami nikaenda Kisarawe kumzika. Baada ya maziko tulikaa kwenye jamvi, Deo na mimi, wawili tuliobaki, tukiwa na sahani ya pilau katikati. Nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa. Aliuliza habari za mgongo wangu, nikauliza habari za watoto wake, kisha akashusha sauti akasema anaandaa toleo la saba. "Watoto wa sasa hawajui hata mpagazi ni nani, Vero. Lazima kitabu kibadilike." Nikamuuliza wenye toleo la sita watafanya nini. "Watanunua la saba," akasema, akaanza kuchambua pilau kana kwamba ina mawe. Sikumjibu pale, maana palikuwa msibani. Namjibu humu.

Mchezo wenyewe Deo aliubuni. Alipokuwa sekondari alikuwepo mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyewafundisha wanafunzi wachache mchezo wa aina hiyo: mtu mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Mwalimu aliondoka na kitabu chake. Deo akaandika cha kwake kwa Kiswahili, juu ya misafara ya zamani iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara: wapagazi, walinzi, waganga, wanyang'anyi wa njiani. Alikuwa ameajiriwa kwenye stesheneri, na tajiri wake alimruhusu kutumia mashine ya fotokopi mradi alipe wino na karatasi. Alitoa nakala, akazipiga pini, akaziuza. Tulimwita Deo kiongozi wa msafara, na wale tuliowaandika tuliwaita watu wa karatasi. Mimi nilikuwa na mganga. Maganga alikuwa na mpagazi mlevi. Zuberi alikuwa na mlinzi aliyeitwa Kibwana Shoka, na nisipoeleza jinsi alivyompenda Kibwana Shoka hakuna kitakachoeleweka. Alimwandika siku ya kwanza kabisa ya mchezo. Alijua alizaliwa wapi, nani alimkata sikio, kwa nini hali nyama ya mbuzi. Kila jeraha alilopata mezani Zuberi alilichora kwenye karatasi ile, pembeni, kwa kalamu nyekundu. Karatasi ilikuwa imechoka kwenye mikunjo na aliibandika karatasi za daftari mgongoni kwa gundi ili isiachane.

Tulichezea nyuma ya stesheneri, kwenye chumba cha Mama Tekla, mama lishe. Kilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi mawili, kalenda ya parokia ukutani, magunia ya mchele yaliyotumika kama kiti cha ziada, na jiko la mkaa mlangoni lililotulazimisha kuingia kwa ubavu. Jumamosi baada ya saa nane wateja walipungua, naye alituachia meza ya mwisho kwa sharti kwamba tule kwake. Tulikula wali na maharage, siku nzuri wali na samaki mmoja, changu, aliyegawanywa kwa watu wanne, na Maganga siku zote alidai kichwa. Madereva na wachuuzi waliochelewa kula walitusikiliza kwa pembe ya sikio. Siku moja nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Yule dada kasema kamchoma mtu mkuki wa tumbo, wenzake wanampongeza. Tule twende." Mwenzake akajibu, "Kaa, nataka kujua kama amekufa."

Maganga alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa Kwala, kwa baba aliyefanya kazi reli. Zuberi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mkulima wa muhogo na machungwa aliyekuja Kibaha kila Jumamosi kuuza, kisha kucheza. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wazee husema utani huo ulizaliwa na misafara hiyohiyo tuliyokuwa tukiicheza. Kwa hiyo meza yetu haikukaa kimya hata dakika moja. "Mzaramo," Maganga angesema, "ngoma ikilia mbinguni utaacha mwili wako kaburini ukakimbilia." Zuberi alikuwa na jibu lake: "Wewe babu yako alibeba pembe za watu mpaka akasahau njia ya kwao. Ndiyo maana ukazaliwa kwenye reli, unangoja tu upandishwe mzigo." Walikuwa wakipendana sana. Sijaona tena wanaume wawili wanaotukanana kwa furaha kiasi kile.

Kutokana na utani huo tulijiwekea desturi ambayo sidhani kama ipo kwenye mchezo mwingine wowote wa aina hii duniani. Mtu wa karatasi akifa, tulimfanyia matanga. Mama Tekla alipika ubwabwa kwa gharama yetu, karatasi ya marehemu ililazwa mezani, na mtani wake alifanya kazi ya mtani. Wanaojua misiba ya pwani wanajua kazi hiyo. Wengine wakilia, mtani anacheka; anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea; ananyakua kofia, sufuria, kiatu, chochote cha wafiwa, anakimbia nacho, na hakirudishi mpaka alipwe. Hakuna anayekasirika, kwa sababu kucheka kwake ndiko kunakomtoa mfiwa shimoni. Maganga alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alipokufa mganga wangu wa kwanza, aliondoka na mkasi wangu wa kukatia vitambaa, akanirudishia Jumatatu baada ya kumnunulia soda.

Sasa turudi saa tisa na robo. Zuberi alikichukua kitabu kipya, akakipima mkononi, akakiweka chini.

"Cha kwanza kina nini?"

"Kina makosa," Deo akasema.

"Makosa yako au yangu?"

"Yangu."

"Basi mbona nilipie mimi?"

Maganga alipiga meza. "Hapo kakukamata! Akili za Mzaramo hulala wiki nzima, lakini zikiamka zinaamka na kesi."

"Nyamaza, mpagazi. Ukoo wako ulilipwa kwa shanga, bei ya kitabu utaijulia wapi?"

Deo hakucheka. Alifungua ukurasa wa majeraha akatueleza taratibu, kama mtu aliyekuwa amejisomea hotuba. Katika toleo la kwanza kila mtu wa karatasi alikuwa na damu kumi. Ukichomwa kisu, dadu inarushwa, na namba inayotokea ndiyo damu unayopoteza. Dadu ina namba sita tu. Kwa hiyo mtu mzima wa afya hawezi kuuawa kwa kisu kwa pigo moja, na sote tulikuwa tumelijua hilo muda mrefu bila kulisema. Tulikuwa tukiingia vijijini tukipora. Tulikuwa tukiwatukana machifu nyumbani kwao. Msafara wetu ulikuwa umegeuka genge. "Hamwogopi kitu," Deo akasema. "Mtu asiyeogopa kisu hana hadithi." Katika toleo la pili, mchomaji akipata sita anarusha tena, ikitoka sita ya pili, kisu kimefika moyoni na aliyechomwa amekufa, hata awe na damu kiasi gani.

Nilifikiri wakati ule, na bado nafikiri, kwamba Deo alikuwa na haki kuhusu kisu. Kitabu cha sheria si msahafu. Aliyekiandika akigundua kwamba kimewafundisha watu ukatili wa bure, ana wajibu wa kukirekebisha. Lakini Zuberi naye alikuwa na haki. "Mimi nilinunua kitabu," alisema, "nikaandika mtu kwa sheria za kitabu hicho. Nimemlea. Leo unaleta kitabu kingine ambacho ndani yake mtu wangu anaweza kufa kifo ambacho hakikuwepo alipozaliwa, halafu unataka nikulipe ndiyo umuue?" Nilipendekeza kwamba badiliko lile lingeweza kuandikwa kwenye karatasi moja, wenye toleo la kwanza wakapewa bure. Deo alinigeukia na macho yamejaa uchovu. "Wino nani analipa, dada? Mashine si yangu. Kodi ya chumba nani ananilipia?" Nikajua kwamba kitabu kipya kilikuwa na sababu mbili, moja ya haki na nyingine ya njaa, na kwamba mwenyewe hakuweza tena kuzitenganisha. Hilo ndilo jibu langu kwa toleo la saba. Sahihisho ni deni la mwandishi kwa msomaji, na deni haliuzwi kwa yule unayedaiwa naye. Anayetaka kuuza kitabu kipya aandike kitabu kipya: njia mpya, watu wapya, mambo ambayo cha zamani hakikuwa nayo. Nami nijalidi cha namna hiyo kwa moyo mmoja.

"Mnakula au mnahukumiana?" Mama Tekla aliuliza kutoka jikoni. "Wali unapoa." Tukala. Hatukuamua kitu. Nikitafuta mahali ambapo mambo yangeweza kwenda njia nyingine, narudi kwenye wali ule. Maganga na mimi tulinunua toleo la pili, yeye kwa sababu alipenda vitu vipya, mimi kwa sababu nilimwonea Deo huruma. Zuberi hakununua.

Baada ya wiki chache tulichezea Kisarawe, nyumbani kwa mama yake Zuberi, kama tulivyofanya mara mojamoja msimu wa machungwa. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka mpya, na harufu ya nazi iliyokunwa. Mama alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu. Tukiwa bado tunanawa, Deo na Zuberi walikuwa wamekwisha kuanza: Deo alisoma jeraha la mshale kutoka toleo la pili, Zuberi akasema ukurasa huo haumhusu, Deo akasema unamhusu kila aliyekaa kwenye duara, na Zuberi akauchana. Alichana ukurasa mmoja tu, kwa utaratibu, kuanzia juu hadi chini. Deo alimpiga kofi. Zuberi akachukua mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa karibu na mlango, akamrushia. Ule ulimi wa chuma ulimpata Deo juu ya jicho, na damu ikamwagika haraka mno hata nikadhani jicho limetoka. Deo, kipofu kwa damu, alimshika Zuberi koo, wakaanguka juu ya mkeka mpya.

"Zuberi!" mama yake alipiga kelele. "Mgeni anatoka damu nyumbani kwangu? Mnauana kwa makaratasi?"

Maganga ndiye aliyeumaliza ugomvi. Aliinyakua sufuria ya kisamvu, akaikumbatia kifuani ikimchoma, akatoka nayo uani. "Mboga imetekwa!" alitangaza. "Wazaramo wakitaka kula, wapatane. Mama, shikamoo, usinizuie, mimi mtani wenu, hii ni haki yangu." Mama akaitikia, "Marahaba, mwanaharamu mkubwa we," akaanza kucheka huku analia. Zuberi naye akacheka, kisha Deo, na damu mdomoni. Nilimfunga Deo kipande cha kanga, tukala. Maganga alikuwa na malengelenge kifuani kwa siku nyingi na aliyaonyesha kwa kila mtu kama nishani.

Baada ya siku ile tulifanya suluhu ya kijinga. Vitabu vyote viwili vilikaa mezani, na kila mmoja alihukumiwa kwa kitabu alichonunua. Watu wetu walikufa kwa kisu. Kibwana Shoka hakufa. Mganga wangu wa pili aliuawa kwa sita mbili na mwanamke mwenye wivu. Tukamfanyia matanga, na Zuberi alikula ubwabwa wake huku Kibwana Shoka akikaa mezani mzima, na majeraha yake mekundu pembeni. Nilimtazama akitafuna nikahisi kitu ambacho sikukitarajia, chuki ya kweli, ya tumboni. Mchezo wenyewe ulizidi kuwa wa damu. Zuberi alimpeleka mlinzi wake mbele ya kila kisu kwa makusudi. Deo alileta wanyang'anyi wengi zaidi kila Jumamosi, kama mtu anayetafuta tundu kwenye ukuta. Wateja waliacha kunong'ona, walihama meza. Hatimaye Deo akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba kuanzia Jumamosi ijayo meza ina kitabu kimoja, toleo la pili. Zuberi alikunja karatasi yake akaondoka bila neno. Deo akachukulia kwamba amekubali. Kwetu ukimya wa mtu hupokelewa hivyo.

Jumamosi hiyo Zuberi alikuja amechelewa, amechoka, na mkoba wa begani wenye mauzo ya machungwa ya siku mbili. Aliuweka kwenye benchi kando yake, akavua kofia yake ya kufuma akaiweka juu ya mkoba. Msafara ulikuwa unavuka mto Ruvu. Mnyang'anyi alitoka kwenye matete akamwendea Kibwana Shoka kwa kisu. Deo alirusha dadu kwa niaba ya mnyang'anyi. Sita. Akairusha tena, ikagonga sahani, ikazunguka sana, ikalala. Sita.

"Amekufa," Deo akasema, kwa upole.

"Amebaki na damu nne," Zuberi akasema, kwa upole uleule, akaanza kuandika nne.

Kama Maganga angengoja. Lakini Maganga alikuwa amesikia neno "amekufa", na kazi yake ilikuwa inamwita. Na nadhani, tena naamini, alikumbuka sufuria ya kisamvu akataka kuziba ufa kabla haujapanuka. Aliruka benchi. Alinyakua karatasi ya Kibwana Shoka chini ya kalamu, akanyakua kofia, akanyakua na mkoba. "Marehemu hahitaji kofia!" alipiga kelele, kofia ikiwa tayari kichwani kwake. "Wafiwa, nikomboeni!" Akapita mlangoni kwa ubavu, akiruka jiko, akicheka.

Zuberi alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Katika kitabu chake hapakuwa na maiti, na pasipo maiti hapana matanga, na pasipo matanga mtani hana ruhusa ya kuchukua hata uzi. "Mtu wangu hajafa!" alisema, kwetu kwanza. Kisha akatoka mbio barabarani, na huko nje, Kwa Mathias, Jumamosi jioni, kituo kimejaa, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo: "Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!"

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kilichofuata. Nilipofika nje Maganga alikuwa bado anakimbia na bado anacheka, amegeuza shingo kumtazama Zuberi, mkoba unaruka ubavuni. Kijana mmoja alimtega mguu. Alianguka kifudifudi kwenye changarawe, na kabla hajainua uso alikuwa haonekani tena kwa miguu ya watu. Nilisikia sauti ya teke linapopata mbavu, sauti fupi, kama gunia linaloangushwa. Mtu alileta nusu ya tofali. Muuza miwa alikuja na mpini. Walikuwa watu ninaowajua. Mmoja nilikuwa nimemshonea suruali wiki ile. "Vibaka wametuchosha!" alikuwa anasema, akipiga, "wametuchosha!" Nilimshika shati nikamwambia, "Si kibaka, ni Maganga, anakula kwa Mama Tekla." Kiwiko chake kilinigonga mdomoni nikakaa chini. Sidhani kama aliniona.

Zuberi alikuwa amefika. Sauti aliyokuwa ameitumia kuita sasa aliitumia kuzuia, na haikufaa. "Mwacheni! Mtani wangu huyo! Mtani wangu!" Mtu akamjibu, "Mtani gani anakimbia na mkoba?" Wengine wakasema huyu ni mwenzake, walikuwa wawili. Zuberi akajitupa juu ya Maganga akamfunika kwa mwili wake. Mpini ulimvunja mkono juu ya kiwiko; niliuona ukipinda mahali pasipo na kiungo. Hakujiondoa. Tofali liliendelea kutafuta kichwa kilichokuwa chini yake na lililipata. Mtu alikuwa anavingirisha tairi kutoka kwa fundi pancha, bila haraka, akiuliza nani ana petroli, kama anayeuliza nani ana kiberiti cha sigara. Ndipo Mama Tekla alipotokea na beseni la maji ya moto aliyokuwa ameyatayarisha kwa ugali wa jioni, akalimwaga lote, kwa mduara, juu ya miguu ya watu. Umati ulifunguka kwa mayowe. Polisi wawili walifika, mmoja akapiga risasi juu, na kwa muda mfupi barabara ikawa tupu, viatu vya watu vimetapakaa. Hakuna aliyekuwa amepiga. Wote walikuwa wanapita tu.

Maganga alikuwa hai tulipompandisha kwenye gari la polisi. Jicho moja lilikuwa limeziba na taya lilikuwa limehama upande. Hakuweza kusema, lakini mkono wake bado ulikuwa umekunjwa kwenye karatasi ya Kibwana Shoka, na hospitalini muuguzi alilazimika kuukunjua kidole kimoja kimoja. Alifariki siku ya pili, mchana, wakati tukisubiri nje tuitwe kutoa damu. Nilikuwa nimekwisha kukunja mkono wa gauni.

Polisi walimhoji Zuberi wakamwachia. Hakuna sheria, walisema, inayomzuia mtu kuita mwizi. Walitafuta waliopiga na hawakumpata mmoja. Yule wa suruali alikuja kuichukua siku ya Alhamisi, akalipa, akanipa pole kwa jino.

Tulimzika Maganga Kwala, karibu na nyumba ya baba yake, mahali ambapo treni ikipita sauti za watu hukatika. Zuberi alikuja. Hakuna aliyemtegemea, na ndugu wawili wa marehemu walisimama alipoonekana njiani, mkono wake kwenye plasta, kofia mfukoni. Baba yake Maganga, mzee mrefu aliyevaa koti lake la reli, aliwaashiria wakae.

"Shikamoo, baba," Zuberi akasema.

Mzee aliitazama plasta. "Marahaba. Wewe ndiye Mzaramo?"

"Ndiye mimi."

"Mtani wake?"

"Ndiyo, baba."

"Basi fanya kazi yako. Sitaki mwanangu azikwe kama mtu asiye na mtani."

Watu waliinamisha vichwa. Zuberi alikwenda mpaka ukingoni mwa kaburi, akatelemka kwa mkono mmoja, akalala chini kabisa, chali, kama watani wanavyofanya ili walipwe ndipo watoke. Alitakiwa aseme kitu cha kuchekesha. Mwishowe alisema, kwa sauti nyembamba isiyo yake, "Mnyamwezi, nani atakubebea mzigo huko?" na akashindwa kuendelea. Mzee alichukua sarafu akaidondosha. Zuberi hakutoka. Ikadondoshwa ya pili. Alikuwa amefunika uso kwa plasta, na ilibidi Deo na mchimbaji mmoja washuke wampandishe kwa kumshika kwapani.

Baada ya udongo kurudishwa tulikaa kwenye mkeka na mzee, sisi watatu. Alitaka kujua chanzo. Deo alimweleza kuhusu mchezo, dadu, na kisu. Alieleza vibaya, akirudia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: hicho kitabu cha pili, ambacho huyu kijana alikataa kukinunua, kilikuwa kinauzwa bei gani.

Zuberi ndiye aliyejibu.

"Shilingi elfu mbili na mia tano, baba."